Risala ya Kikundi cha Wapenda Historia ya Miji kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, walezi wetu, wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha kwenye hafla hii. Tunajua una shughuli nyingi. Ahsante kwa kuitikia wito.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ziara yetu ya mwaka huu ilikuwa Potsdamer Platz, katikati ya Berlin, Ujerumani. Asiyeelezwa chochote huona maghorofa ya vioo na watu wenye haraka zao. Sisi tuliambiwa tutazame chini. Safu mbili za mawe zinakatiza lami na njia ya waenda kwa miguu: hapo ndipo ulipopita Ukuta wa Berlin, uliougawa mji huo mashariki na magharibi, ambao ulianza kujengwa 1961. Kabla yake makutano haya yalijaa magari kiasi kwamba mwaka 1924 ulisimikwa mnara wa taa za kuyaongoza. Uliopo leo ni nakala. Vita Kuu ya Pili ikabomoa, Ukuta ukaacha uwanda mtupu, na treni za chini ya ardhi zikawa zinapita stesheni bila kusimama. Ujenzi mpya ulikuja baada ya Ukuta kuanguka 1989.

Kilichotushika zaidi ni Kaisersaal, ukumbi wa iliyokuwa hoteli ya Esplanade. Mwaka 1996 mafundi waliuinua mzima mzima, tani 1,300 hivi, wakausogeza mita 75 juu ya matakia ya hewa. Sasa umo ndani ya majengo mapya, sehemu yake ikiwa nyuma ya kioo. Hapo tulibishana, na ubishi haujaisha: wapo wanaosema ukumbi umeokolewa, wapo wanaosema umewekwa kama kitumbua kabatini, wa kutazamwa tu. Mwandishi wa risala hii yuko upande wa kwanza, maana bila kuhamishwa pengine tusingeukuta.

Changamoto hazikukosekana. Wengi wetu hatujui Kijerumani, na mkalimani alikuwa mmoja. Waliokuwa nyuma waliambulia nusu ya maneno.

Kwa hiyo tumeandika kijitabu cha Kiswahili cha kumwongoza mgeni pale, jiwe kwa jiwe. Tunaomba utusaidie gharama za kukichapa, pamoja na kipaza sauti cha mkononi kwa ziara zijazo. Rasimu tutakukabidhi sasa hivi, uikosoe bila kutuonea haya.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.