Helmeti za bodaboda na vichwa vya wanawake

Ndugu Mhariri,

Kila ikizungumzwa ajali ya bodaboda, hakosi mtu wa kusema kwamba wanawake wa Dar hawavai helmeti kwa sababu ya urembo. Naomba nafasi nimjibu.

Asubuhi simama kwenye kijiwe chochote cha Mbagala. Helmeti ya abiria ni moja, inaning'inia kwenye usukani, sponji ya ndani imechakaa na bado ina jasho la aliyeshushwa sasa hivi. Anayekuja kupanda amepiga kilemba cha kitenge, au amesuka rasta akazibana fundo utosini, au ana wigi ambalo hela yake bado anadaiwa kwenye kikoba. Helmeti haiingii. Ikiingia inakaa juu juu kama sufuria kwenye figa bovu, na mkanda haufiki kidevuni. Basi anaipakata mpaka Kariakoo; akimwona trafiki ndipo anaitupia kichwani.

Ugomvi wa kofia na usafiri haukuanza na sisi. Mwanzoni mwa karne iliyopita wanawake wa Ulaya na Marekani walivaa makofia mapana yenye manyoya ya ndege, wakiyashikiza kwenye nywele kwa pini ndefu. Kwenye tramu zilizojaa pini zile zikawa zinawachoma abiria wenzao, hadi mwaka 1910 baraza la jiji la Chicago likapiga marufuku pini zinazozidi inchi 9. Miaka ya 1920 ikaingia kloshi, kofia ya kubana inayoshuka mpaka kwenye nyusi. Juu ya nywele ndefu za kufunga haikai vizuri, na wengi wakaamua kuzikata. Yaani kichwa ndicho kilichopunguzwa ili kofia ikae!

Bibi zetu hapa Dar miaka hiyo hawakuwa na shida hiyo. Kanga ya pili ilitoka begani ikapanda kichwani jua likiwaka, na mtoto akilia ikambeba. Mwenye helmeti mjini alikuwa Mzungu, tena ya kukinga jua tu.

Sisemi tusivae. Lami haimjui mwenye wigi. Ninachosema ni kwamba helmeti ya saizi moja, inayomkaa vizuri kijana aliyenyoa, haiwezi kuwa ya abiria wote. Wauzaji walete saizi tofauti. Vijiwe viweke vikofia vyepesi vya kuvaa kwa ndani na kutupa, kama vya chumba cha upasuaji. Gharama yake ni ndogo na harufu ya jasho haitakuwa kisingizio tena. Kigali abiria wa pikipiki kuvaa helmeti ni jambo la kawaida, na wanawake wa kule wanasuka kama sisi.

Nasi tukubali fundo lishuke kisogoni, na kilemba kikae kwenye mkoba tukifunge tukifika. Baada ya hapo, atakayekataa, dereva asimpakie.

Mama wa watoto watatu,
Mbagala, Dar es Salaam