Barua kwa mwanangu: maotea tisa

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya kwanza bila miwani. Sababu kumi na moja za kuacha masomo ya kompyuta uhamie sheria! Mama yako alicheka. Mimi sikucheka.

Siku ile unasubiri basi uliniuliza neno "kompyuta" limetoka wapi, nikakujibu juu juu. Seminari tulikaririshwa Kilatini hadi tukakiota usiku, na kitenzi putare, kilichojificha ndani ya neno lako hilo, tuliambiwa ni "kufikiri, kudhani", basi. Nilikuwa mtu mzima nilipokuja kujua kwamba kwa wakulima wa Roma putare ilikuwa kupogolea, yaani kukata matawi yasiyotakiwa. Cato, mwandishi wa Kirumi aliyefariki mwaka 149 KK, akieleza kazi ya mizabibu hutumia neno hilohilo, na mpogoleaji waliita putator. Likatoka shambani likaingia kwenye daftari: rationem putare, kuweka hesabu sawa. Varro, msomi wa kwao, alisema maana yake ni kusafisha: mpogoleaji husafisha mti, na hesabu nayo husafishwa hadi jumla itoke safi. Huko kwenye hesabu ndiko lilikopata maana ya kufikiri.

Ukoo wake ni mkubwa. Amputare ni kukata kuzunguka, na madaktari wanalo hadi leo. Computare ni kuhesabu kwa pamoja, na ndimo ilimotoka kompyuta yako, ingawa Waingereza kwa muda mrefu waliita hivyo mtu wa kukokotoa hesabu kabla mashine haijalirithi jina. Reputare ni kulipitia jambo upya. Hilo ndilo nililolikumbuka jana.

Nilikuwa nyuma ya nyumba, kwenye ule mbuni tulioukata ukabaki kisiki. Umetoa maotea tisa, yote yamenawiri. Ukiyaacha yote yatanyang'anyana chakula, uvune majani. Nilikaa juu ya ndoo nikayatazama kama nusu saa, mkasi mkononi. Nikabakiza matatu. Kweli yalikuwa manne. Moja nililionea huruma, jioni nikarudi nikalikata.

Sababu zako zote nimezinakili nyuma ya karatasi hii. Ile ya "wenzangu wote wanahama" nimeifuta mwenyewe, unisamehe. Zilizobaki kumi zipitie wewe, kwa kalamu, si kwa simu, kisha umpe konda wa basi la Jumamosi aniletee karatasi.

Mama yako ametia ndizi kwenye boksi. Zile zilizoiva uanze nazo.

Baba yako