Mashua za mkuku zirudi, na Tanzania ihesabiwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mbio za mashua za mkuku, yaani zenye ubao mzito unaoshuka chini ya maji kuzizuia zisipinduke, kwenye michezo ya Paralimpiki. Mpira na ngumi vina wasemaji wengi. Huu mchezo sijaona mtu akiusemea, wakati sisi wa pwani tunaishi na matanga tangu enzi za mababu.

Mimi ni mshona matanga hapa Msasani. Mguu wangu wa kulia ulipooza kwa polio nikiwa na miaka minne, natembea kwa gongo. Marehemu baba alikuwa nahodha wa ngalawa na hakukubali nibaki nyumbani na wanawake kusubiri samaki. Shida ilikuwa mrengu, ule mti wa pembeni unaozuia ngalawa isipinduke. Anayeijua ngalawa anaelewa: kusi ikijaza tanga chombo kinalala, na lazima baharia mmoja atoke juu ya mrengu upande wa upepo, ausogelee mwisho wake, akae pale kwa uzito wake chombo kisipinduke. Upepo ukilegea anarudi, ukikaza anatoka tena, huku mti umelowa na unateleza. Kazi hiyo inataka miguu miwili. Baba akanikalisha tezi, nyuma ya chombo, akanikabidhi usukani, akasema, "Wewe nitazamie tanga, mrengu una wenyewe." Nilikuwa na miaka kumi na moja. Tulikuwa tukipita nyuma ya kisiwa cha Bongoyo, na mpaka leo naweza kusema kwa mkono tu, macho nimefumba, kama tanga limeshiba au linapiga.

Miaka michache iliyopita mteja mmoja aliniletea tanga lililochanika, na wakati nashona akanionyesha kwenye simu yake mbio za Paralimpiki ya Rio ya 2016. Niliweka sindano chini. Walikuwa watu wasio na mikono, wasio na miguu, wanakata bisho, yaani wanaupanda upepo kwa kupindapinda, kwenye upepo mkali na hakuna anayewashika.

Siri yake ni risasi, ile metali nzito. Mkuku wa mashua hizi unashuka chini ya maji na umebeba risasi nzito, kama chubwi kwenye mshipi. Upepo ukiilaza mashua, risasi inaivuta irudi wima. Kwa hiyo kazi ya mtu wa mrengu inafanywa na mkuku, na nahodha anabaki na kazi ya akili na mikono. Kuna aina inayoitwa 2.4mR, urefu wake mita 4 na kidogo, ya mtu mmoja. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi. Nahodha anaketi ndani kabisa, anatazama mbele, na kamba zote zimeletwa mikononi mwake. Huyo hata gongo lake analiacha ufukweni.

Na hapo mwanamke hashindani na wanawake peke yao. Helena Lucas wa Uingereza alichukua dhahabu ya 2.4mR mwaka 2012 akiwa kwenye mbio moja na wanaume. Damien Seguin wa Ufaransa, aliyezaliwa bila kiganja cha kushoto, alishinda dhahabu mwaka 2004 na tena Rio, kisha akaizunguka dunia peke yake bila kutia nanga bandarini katika mbio za Vendée Globe za 2020 hadi 2021, akamaliza wa 7.

Mchezo huo umeondolewa. Uliingia kwa medali kamili Sydney mwaka 2000, na Rio ikawa mara ya mwisho. Januari 2015 Kamati ya Kimataifa ya Paralimpiki ilitangaza kwamba hautakuwepo Tokyo, kwa kuwa haukutimiza sharti la kuenea duniani. Sharti lenyewe ni kwamba mchezo uchezwe mara kwa mara katika nchi zisizopungua 32 za kanda tatu. Hata Los Angeles 2028 haumo.

Ndugu Mhariri, nchi zilizopungua ni sisi. Tuna pwani kutoka Tanga hadi Mtwara, tuna upepo wa kusi na wa kaskazi ambao haukosi mwaka hata mmoja, lakini kwenye hesabu ya nchi zenye mabaharia wenye ulemavu wanaoshindana sijawahi kusikia jina letu. Ziko nchi ndogo zilizowahi kutikisa dunia kwa mashua ya mkuku: Durward Knowles na Cecil Cooke waliipatia Bahama dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, Tokyo 1964, katika mashua aina ya Star, wakati visiwa vile havijapata hata uhuru.

Kwetu mlango unafungwa mapema mno. Niliwahi kwenda kujiandikisha kwenye mbio za ngalawa za sikukuu, niwe mshika usukani. Mwandikishaji alitazama gongo langu kabla hajanitazama usoni, akasema, "Mzee, utatuletea msiba." Hakuniuliza nimeshika usukani miaka mingapi. Nilikaa mchangani nikatazama chombo nilichokishonea tanga kikishinda.

Ninachoomba kinawezekana. Baraza la Michezo la Taifa na kamati yetu ya Paralimpiki wakae na wenye mashua za mkuku hapa jijini, watenge asubuhi moja kwa wiki, bahari ikiwa bado imetulia, vijana wenye ulemavu wafundishwe. Haihitaji kungoja 2.4mR kutoka Ulaya. Mashua yoyote ya mkuku yenye kiti kilichofungwa vizuri, jaketi la kujiokolea na boti ya kuwafuata nyuma inatosha kuanza. Na mbio za ngalawa ziruhusu mshika usukani mwenye ulemavu akiwa na mabaharia wake wa mrengu.

Namjua binti mmoja wa hapa mtaani, ana miaka kumi na tano, anatumia baiskeli ya magurudumu matatu. Kila jioni anakuja kibandani kwangu kunishikia pindo la tanga nikishona. Juzi ameniuliza upepo unaingilia upande gani wa tanga mashua inapokata bisho. Nimemchorea mchangani kwa gongo. Mashua ya kumwonyesha ikipatikana, tanga lake nitalishona mimi, bila malipo.

Mshona matanga,
Msasani, Dar es Salaam