Risala ya Klabu ya Baiolojia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Sayansi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu,
Walimu, wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha shuleni kwetu, na tunakushukuru kwa kuitikia wito wetu licha ya majukumu uliyonayo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wahenga walisema mjumbe hauawi. Mwaka huu klabu yetu imejifunza habari za mahali ambapo mjumbe huuawa kila siku, na mwili ukanufaika. Mahali penyewe ni ndani ya seli.

Darasani tumefundishwa kuwa DNA hubaki kwenye kiini cha seli, na RNA mjumbe hubeba nakala ya maagizo ya jeni hadi kwenye ribosomu, protini ikatengenezwa. Ni kweli. Lakini tulidhani kwamba maagizo yakishanakiliwa, basi kazi imekwisha. Kumbe yanaweza kuzuiwa njiani, na mzuiaji ni RNA nyingine, ndogo mno, ya nukleotidi (yaani herufi za RNA) 22 hivi.

Huzaliwa hivi. Kimeng'enya kiitwacho Daisa hukatakata RNA yenye nyuzi mbili kuwa vipande vifupi. Uzi mmoja wa kila kipande hutupwa, wa pili hushikwa na protini iitwayo Agonauti. Wawili hawa huzunguka wakimsaka mjumbe ambaye herufi zake zinaoana na za uzi ule, A kwa U na G kwa C. Zikioana takriban zote, mjumbe hukatwa katikati. Zikioana chache, hasa ya pili hadi ya nane, mara nyingi hakatwi, bali ribosomu hushindwa kumsoma sawasawa na mwisho huvunjwavunjwa. Kwa kuwa herufi chache zatosha, RNA ndogo moja huweza kudhibiti jeni nyingi.

Namna jambo hili lilivyogunduliwa ndiyo iliyotunogea zaidi. Mwaka 1990 watafiti nchini Marekani walitangaza kwamba walikuwa wameongeza jeni ya rangi kwenye maua ya petunia ili zambarau ikolee, na baadhi ya maua yakatoka meupe pepe. (Sisi tungedhani tumekosea vipimo, tukayatupa.) Mwaka 1993 Victor Ambros na Gary Ruvkun walionyesha kuwa katika mnyoo wa milimita moja, jeni iitwayo lin-4 haitengenezi protini yoyote. Hutoa RNA fupi inayoizuia jeni nyingine, lin-14, ili mnyoo akue kwa hatua zake. Wengi walidhani ni kioja cha mnyoo tu. Miaka saba ikapita ndipo kundi la Ruvkun lilipoeleza habari za let-7, ambayo ilikutwa kwa wanyama wengi, binadamu akiwemo. Nobeli ya Ambros na Ruvkun ilikuja mwaka 2024. Andrew Fire na Craig Mello walikuwa wametangulia kuipata mwaka 2006, kwa kuonyesha mwaka 1998 kwamba RNA ya nyuzi mbili ikidungwa kwa mnyoo huyohuyo huinyamazisha jeni inayofanana nayo, na kwamba chembe chache tu za RNA hiyo zatosha.

Mimea hutumia njia hii kupambana na virusi. Hospitalini nako imefika: mwaka 2018 Marekani iliidhinisha patisirani, dawa ya kwanza ya aina hii, kwa ugonjwa wa kurithi ambao protini kutoka kwenye ini huganda katika neva. Dawa humkata mjumbe wa protini hiyo akiwa bado ndani ya ini. Jeni yenyewe haiguswi, ndiyo maana mgonjwa hulazimika kurudia dozi.

Hapo ndipo klabu ilipogawanyika kuhusu neno. Baadhi yetu walitaka "kuzima jeni". Tulibishana vikao viwili, tukakubaliana juu ya "kunyamazisha", kwa kuwa jeni bado ipo na inaendelea kunakiliwa. Ni sauti yake tu haifiki.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatukosi changamoto. Vitabu vya maktaba yetu vinataja RNA za aina tatu tu, na hii ya nne haimo. Tunaomba utusaidie kupata vitabu vipya vya baiolojia. Pia tunaomba hadubini moja. Mnyoo tuliyemtaja huishi kwenye matunda yanayooza, hivyo kumpata si taabu. Taabu ni kumwona.

Baada ya risala hii tunakuomba ufike kwenye meza yetu. Tumetengeneza Agonauti ya kadibodi inayokata uzi wa karatasi. Makali yake hukwama mara kwa mara, na fundi wake yuko palepale akiirekebisha.

Ahsante kwa kutusikiliza.

Risala hii imeandaliwa na kusomwa kwako na wanachama wa Klabu ya Baiolojia.