Mwanangu, ile stika ya Wangazija ifute

Mwanangu,

Assalamu alaykum. Vosinoti zako nimezisikia zote tatu, na pesa ya umeme imefika, Mungu akuzidishie. Leo nakuandikia badala ya kupiga kwa sababu nikisema kwa sauti ntalia au ntatukana, na vyote viwili sitaki wenzako huko uliko wavisikie.

Juzi kwenye grupu la familia uliweka ile stika, eti Komoro wanapindua serikali kabla ya chai ya asubuhi. Watu wamecheka, hata miye nlicheka kidogo, usinitazame hivyo. Halafu usiku usingizi haukuja, nikamkumbuka bibi yako, yeye kazaliwa Mitsamihuli huko Komoro, kaletwa Unguja mdogo hata meno hayajamtoka vizuri, akazeeka hapa na kuzikwa hapa lakini mpaka anakufa akikasirika alikuwa anakasirika kwa Kingazija. Sasa wewe mjukuu wake ndo unawacheka.

Mapinduzi ni kweli, pamoja na yale yaliyoshindikana wanasema yamepita 20. Lakini hebu uliza, nani kapindua. Uhuru wameutangaza tarehe 6 Julai 1975, Ahmed Abdallah akawa rais, na hata mwezi haukutimia, tarehe 3 Agosti, Ali Soilih kamtoa. Abdallah kakimbilia kwao kisiwa cha Nzwani (Wafaransa wanakiita Anjouan), Soilih akamleta mzungu mmoja Mfaransa, askari wa kukodiwa, Bob Denard, akasaidia kumkamata. Haya. Miaka mitatu haijafika, Mei 1978, mzungu yule yule karudi usiku na meli ya uvuvi na watu wake kama 50, safari hii kalipwa na Abdallah, kampindua Soilih aliyemwita mara ya kwanza, na mwezi haukwisha Soilih kauawa. Unaona mchezo ulivyo? Halafu akakaa kabisa, akasilimu, akajiita Said Mustafa Mahdjoub, akaoa, na kikosi cha kumlinda rais kikawa chake, pesa zinatoka Afrika Kusini ya makaburu! Novemba 1989 Abdallah naye kapigwa risasi ndani ya ikulu yake, Denard akiwa chumba hicho hicho. Mahakama ya Paris ilimwachia Denard mwaka 1999. Miye sisemi kitu.

Lakini sikufichi, Wangazija wenyewe nao wamo, mzungu hakujileta, kaitwa, na walomwita walikuwa wanaswali pamoja Ijumaa.

Nlotaka hasa kukwambia ni habari ya babu Sabena. Wewe hukumdiriki. Ni binamu yake bibi yako, fundi cherahani, maisha yake yote alikuwa Majunga huko Bukini kwa Wamalagasi, maana Wangazija walikuwa wamejaa Majunga kama walivyojaa hapa Unguja. Desemba 1976 mji uliwageuka, ugomvi ulianza kwa jambo dogo tu la majirani, watu wamechinjwa, nyumba zimechomwa, mamia wamekufa. Waliobaki, zaidi ya elfu 15, wakarudishwa Komoro, wengine kwa meli na wengine kwa ndege za Sabena, lile shirika la Wabelgiji. Basi hilo ndo likawa jina lao. Masabena. Mtu ana jina lake kapewa na babake na akika kachinjiwa, lakini kashuka uwanja wa ndege keshakuwa Sabena. Babu yako huyo wengi pale kijijini jina lake la kweli walilijua siku ya kumsalia.

Na nchi walorudishiwa ilikuwa haina hata senti, Wafaransa walipoona uhuru umetangazwa bila wao wamefunga virago na pesa na walimu wao wakaenda zao. Ali Soilih vijana wake ndo wanatawala, nyaraka za serikali zimepigwa moto, harusi kubwa, ile anda, imepigwa marufuku (hapo peke yake bibi yako alikuwa anamuunga mkono, kwa siri). Na Aprili 1977 mlima Karthala nao ukatapika moto ukakifunika kijiji cha Singani. Yaani ndani ya miezi mitano.

Babu Sabena alikuja Unguja mara moja nlipokuwa msichana, miaka ya 80, kwa jahazi. Mrefu, kimya. Shingoni alikuwa na futi yake ya kupimia nguo, ile ya manjano, namba zimefutika mpaka kwenye inchi 20 hivi. Siku ile ya Majunga alikuwa anampima mtu kanzu, kelele zikaanza, akakimbia na futi shingoni, cherahani imebaki, vitambaa vya watu vimebaki, mkewe alikuwa sokoni hakuonekana tena. Hakuivua. Akila nayo, akilala nayo, akienda kuoga anaitundika msumarini halafu anaivaa kabla ya shati. Nlimuuliza kwa utoto wangu, babu, utanipima gauni? Akanipima, kaandika namba kwenye kiganja changu kwa kalamu, gauni lenyewe hakushona.

Sasa Maore. Uliniuliza mwaka jana kwa nini Mayotte ni Ufaransa na nikakujibu ovyo kwa sababu nlikuwa napika. Desemba 1974 visiwa vyote vinne wamepiga kura, karibu watu 95 katika mia wanataka uhuru, ila Maore peke yake karibu 64 katika mia wamekataa. Wafaransa sheria yao ya kura walishaiandika ujanja, hawakusema watu wa Komoro kama umma mmoja, walitia herufi moja ya wingi ikawa umma mbalimbali, basi wakahesabu kisiwa kisiwa. Herufi moja mwanangu! Umoja wa Mataifa umepokea nchi ya visiwa vinne, bendera ina nyota nne mpaka leo, lakini moja inatumia yuro.

Ila Wamaore nao walikuwa na yao, makao makuu yamehamishwa kutoka kwao Dzaoudzi kupelekwa Moroni, wakaona wametupwa. Wanawake wao miaka ya 60 walikuwa wakimuona ofisa kaletwa kutoka Moroni wanamzunguka wanamtekenya mpaka anarudi chomboni kwake, kweli kabisa, kiongozi wao mmoja Zéna M'Déré. Bibi yako akiihadithia hii anacheka mpaka anafuta machozi kwa upindo wa kanga, halafu ananyamaza ghafla.

Maana tangu 1995 Mngazija au Mnzwani kwenda Maore lazima viza. Ni kilomita kama 70 tu kutoka Nzwani, watu wana shangazi huko, wana makaburi huko. Wanapanda vile viboti, kwasa kwasa, usiku, na bahari imekula maelfu.

Na wewe unasema hayo hayatuhusu sisi Tanzania? Machi 2008 askari wetu walishuka Nzwani na wa Umoja wa Afrika kumtoa kanali Bacar, aliyeng'ang'ania utawala wa kisiwa hicho, wewe upo darasa la pili unacheza kibandarini, na Bacar kakimbilia wapi? Maore, kwa boti.

Stika ifute. Sikwambii uombe radhi kwenye grupu, utawapa la kusema wiki nzima. Futi ya babu Sabena ninayo, waliileta baada ya kufa kwake, imo kwenye kasha la bibi yako chini ya shiromani nyekundu. Ukija Idi ntakutolea. Na uje na kandambili zako mwenyewe, za hapa zote umeshazikata.

Mamako