Mtani, usinitumie tena tumbaku

Mbagala, Dar es Salaam

Mtani wangu,

Salaam nyingi kutoka Pwani. Mzigo wako umefika salama. Karanga tumeshazimaliza, unga wa muhogo shemeji yako anausifia hadi kwa majirani, na ile tumbaku uliyoiviringisha kwenye gazeti ukaizika katikati ya unga, imeonekana. Mwanangu wa kike ndiye aliyefungua kiroba. Akaitoa, akaipukuta unga taratibu, akaitia kwenye mfuko wa taka, kisha akanikazia macho bila kusema neno. Nakuandikia ili usitume nyingine. Na pia kuna sentensi moja katika barua yako imeninyima usingizi, lakini hiyo nitaifikia.

Kwanza pole kwa hasara. Nimesikia ulishaanza kuulizia nauli ya kuja kunizika, na umetamba hapo Urambo kwamba utaingia kaburini kabla yangu na hutoki mpaka Wazaramo wakulipe. Bado sana. Kama fedha umeshakopa, zirudishe.

Unauliza huo upasuaji wa moyo ulikuwaje. Kifua walikipasua kweli. Mfupa wa kidari wanaukata kwa msumeno katikati, wanaufungua, moyo wanausimamisha, na mashine inashika kazi ya moyo na mapafu wakati wao wanashona. Mishipa yangu mitatu inayoulisha moyo ilikuwa imeziba. Mmoja wameuunganisha na mshipa wa ndani ya kifua chenyewe, na hiyo miwili wameitengenezea njia kwa mshipa waliouchomoa mguuni, ndiyo maana nina mshono unaoanzia kwenye kifundo cha mguu. Halafu mfupa wanaufunga kwa waya wa chuma. Waya huo hautolewi, nitazikwa nao, na nakujua wewe: usije ukaudai msibani kama chuma chakavu. Miaka ile mtu wa kufanyiwa kitu kama hiki alipandishwa ndege kwenda India. Mimi nimefanyiwa hapa hapa Muhimbili, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na wajukuu walikuwa wanakuja kuniona kwa daladala.

Maumivu ya kisu yanavumilika, dawa zipo. Kinachokutoa machozi ni kukohoa. Na mtu aliyevuta kiko tangu ujana atakohoa tu, apende asipende, kwa sababu kifua kimejaa makamasi ya miaka. Wanakupa mto, unaukumbatia kwa nguvu juu ya mshono, ndipo unakohoa, na bado unahisi kidari kinataka kufunguka tena. Kila kikohozi kilipokuja nilimwona muuguzi anakaa sawa kunisubiri. Halafu wanakupa kidude cha plastiki chenye vimpira vitatu ndani: unaweka mrija mdomoni, unavuta pumzi ndefu, vimpira vinapanda. Ule mrija ukiuweka kati ya meno ni mdomo wa kiko mtupu! Kijana wa mazoezi ya viungo alinisifu kwamba nimeuzoea upesi kuliko wenzangu. Sikumwambia ni kwa nini.

Sasa maneno yako. Umeandika: "Kiko si sigara, moshi wake huumezi, punguza tu usiache ghafla." Na mimi ndivyo nilivyomwambia daktari, tena kwa kujiamini. Akaniuliza, kama hauingii ndani, ile raha ya kichwani inatoka wapi? Nikakosa jibu. Akanieleza kwamba nikotini ya kiko inapenya kwenye utando wa mdomo bila hata moshi kushuka kooni, inaingia kwenye damu, inabana mishipa na kuukimbiza moyo. Na moshi hata ukiutema, mwingine unauvuta hapo hapo ulipokaa, pamoja na ile gesi ya jiko la mkaa inayoua watu waliolala wamefunga madirisha. Gesi hiyo inachukua nafasi ya hewa safi kwenye damu. Lakini lililonimaliza ni la mshipa wa mguuni. Alisema mshipa ule haukuumbwa kufanya kazi ya moyo. Umepachikwa tu, na kwa mtu anayeendelea na tumbaku unaziba mapema. Yaani wamenichana mguu wakanipa njia mpya, halafu mimi mwenyewe niizibe nikiwa nimekaa barazani? Hapo mjadala wa kupunguza uliisha. Hakuna kipimo kidogo nilichopewa, ni kuacha kabisa.

Wapo walionijia na ugoro kijiweni, eti hauna moshi. Moshi hauna, ila nikotini ipo tele, na yale magadi wanayochanganya ndiyo yanayoifanya iingie upesi zaidi. Kuberi, ile tumbaku ya kuweka mdomoni, ni hivyo hivyo. Na aliyeniambia nijaribu shisha nilimwuliza kama anataka kunirithi.

Nisikufiche, nilipokuwa nimelala pale nilikumbuka shamba la marehemu baba yako. Unakumbuka ile likizo tulipotoka shule ukanipeleka kwenu, tukaingia shambani asubuhi na mvua ya usiku bado iko kwenye majani? Nilivuna mistari miwili, mashati yamelowa, majani tumeyakumbatia kwapani. Kufika mchana kichwa kinazunguka, natapika hadi nyongo, na bibi yako akasema huyu mtoto wa Pwani ameshindwa na jua. Halikuwa jua. Jani bichi likiwa limelowa, nikotini inapita kwenye ngozi. Na wewe hukutapika kwa sababu mwili wako ulishazoea tangu unatambaa. Sisemi hivi kukusimanga. Najua ada za watoto wako zimetoka kwenye jani hilo, na najua kilio chenu kila msimu wa masoko, mteuzi anaposhusha daraja na mbolea ya mkopo inasubiri kukatwa. Mtu anayekula kwenye zao hawezi kuambiwa alitupe kesho asubuhi na mtu aliyekaa Mbagala. Ila wavalisheni watoto mikono mirefu, na majani yakiwa na maji wasubiri yakauke. Hilo halihitaji mkopo.

Kuacha kwenyewe kukoje? Siku za mwanzo nilikuwa mtu wa ovyo. Usingizi hakuna, hasira ziko puani, chai naiona chungu. Shemeji yako alifika mahali akasema bora wangenibakiza wodini. Hamu ya mwili ilipungua baada ya wiki chache, kama walivyoniambia. Iliyobaki ni ya mikono. Sigara mtu anaiwasha anavuta anaitupa. Kiko ni kazi: unakikwangua, unajaza, unashindilia kwa kidole gumba, unawasha, kinazima, unawasha tena, na kumbe jioni imepita na hujafanya lolote wala hujajutia. Taarifa ya habari ya saa mbili sikuwahi kuisikiliza bila kiko. Sasa ikianza, mikono inatafuta mfukoni yenyewe. Nimenunua bao, nacheza na mjukuu muda huo huo, na ninatafuna mdalasini. Mjukuu ananifunga, jambo linaloudhi kuliko nikotini.

Daktari anasema ukimaliza mwaka bila tumbaku, ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo inashuka kwa karibu nusu, na ukifika miaka 15 unakaribia kuwa sawa na mtu ambaye hakuwahi kuvuta. Kwa umri wangu hesabu ya 15 nimewaachia vijana. Huo mwaka mmoja ninautaka.

Najua sasa unakipigia mahesabu kiko changu, kile cheupe cha marehemu baba, cha jiwe la Amboseli, kilichotengenezwa Arusha, chenye alama ya tembo. Kimeshageuka rangi ya asali kwa moshi wa watu wawili. Sikupi. Simpi mtu yeyote anayevuta, na wewe ndiye wa kwanza kwenye orodha. Kwa sasa shemeji yako amekifungia anakokujua yeye, na nimemwomba asinionyeshe.

Sasa ile sentensi. Umeandika kwa kupitia tu, kama mtu anayesimulia habari za mvua, kwamba siku hizi ukitembea kwenda sokoni misuli ya mguu wa kulia inabana hadi usimame, ukipumzika kidogo inaachia, ukiendelea inabana tena. Ukasema ni uzee. Mtani, jirani yangu wa kitanda pale wodini alikuwa mvutaji wa miaka mingi, na hadithi yake ya mguu ilianza kwa maneno hayo hayo. Daktari alitueleza wote wawili: tumbaku haichagui mishipa ya moyo peke yake, ya miguuni nayo inaziba, na ikiachwa inafika mahali kidonda kidogo cha kidole hakiponi. Nawe una presha juu yake. Wiki hii hii nenda Hospitali ya Kitete pale Tabora, usisubiri soko lifunguliwe. Waambie wakupime presha ya mkononi na ya kifundo cha mguu wazilinganishe, na umwambie daktari habari ya kiko bila kupunguza kiasi kama ulivyozoea kumwambia mkeo. Nauli ya Urambo hadi Tabora nimeshamtumia mwanao kwenye simu, na nimemwagiza akusindikize yeye mwenyewe, maana nikikutumia wewe utanunulia mbolea.

Mkitoka hospitali nipigieni hapo hapo mlipo. Na mzigo ujao uwe asali ya porini, ile nyeusi ya miombo, lita tano si mbaya. Msalimie shemeji, mwambie ruhusa anayo ya kuisoma barua hii yote.

Ni mimi mtani wako,
ambaye bado hajafa