Tuache kukimbilia kuzima swichi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na mafundi wenzangu wa mitandao. Mtandao ukisumbua, wengi wetu tunachomoa umeme wa swichi, kile kifaa kinachounganisha kompyuta kwenye mtandao, kwanza, maswali baadaye. Tunajiumiza. Kwenye vifaa vya Cisco, matukio yanayosomwa kwa amri ya "show logging" hukaa kwenye RAM. Ukizima, yamefutika, na hesabu za makosa ya kila poti (tundu la kebo) zinarudi sifuri. Chanzo hakijulikani, tatizo litarudi.

Anza na "show interfaces status". Poti iliyoandikwa "disabled" imefungwa na mtu kwa amri. "Notconnect", kagua kebo na kifaa cha upande wa pili. Ikiwa "err-disabled", swichi imeifunga yenyewe. Ukiifungua kabla ya kuondoa sababu, itajifunga tena.

Kazi ipo kwenye poti inayoonekana nzima huku mtandao ukisuasua. Andika "clear counters" kufuta hesabu za makosa, subiri dakika 5, kisha "show interfaces", maana makosa unayoyaona huenda ni ya miezi iliyopita. CRC (data iliyofika imeharibika) zikipanda upande huu na "late collision" (data kugongana kwa kuchelewa) upande wa pili, dupleksi hazilingani: upande mmoja uko "full", unatuma na kupokea kwa pamoja, mwingine "half", kwa zamu. Mara nyingi upande mmoja umelazimishwa "full" kwa mkono na mwingine umeachwa "auto", ukubaliane wenyewe na mwenzake. Kwenye 100 Mbps, huo wa "auto" ukikosa wa kujadiliana naye huangukia "half". Weka pande zote "auto". CRC zikipanda peke yake, shuku kebo au viunganishi vyake.

Unaporekebisha kifaa kilicho mbali, nakili kwanza matukio, hakikisha usanidi (mipangilio) uliopo umehifadhiwa, kisha andika "reload in 10". Ukijifungia nje, baada ya dakika 10 kitajiwasha upya na usanidi wa zamani. Mambo yakienda sawa, "reload cancel", ndipo uhifadhi kwa "copy running-config startup-config". Ukihifadhi mapema, kinga hiyo haipo tena.

Na tafadhali, mnapoongeza VLAN (mtandao uliotengwa ndani ya swichi) kwenye tranki, yaani kiungo kinachobeba VLAN nyingi, msisahau neno "add". "switchport trunk allowed vlan add 30" huongeza. Bila "add", VLAN 30 inabaki peke yake na nyingine zote zinakatika papo hapo, pengine pamoja na ile unayoitumia kuingia kwenye swichi.

Fundi wa mitandao